Habari za Matembezi Yetu ya Kutazama Ndege

Sisi tu watu wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Gede. Twaandika kwa sababu tumeulizwa. Walimu wa shule za jirani na wazee wa mitaa kadhaa wametuuliza neno moja, kila mtu kwa namna yake: ni kazi gani hiyo inayowatoa watu wazima vitandani alfajiri, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wakaingia msituni bila shoka, bila kikapu, bila mtego, kisha wakarudi jua la saa nne mikono mitupu na nyuso za furaha? Na wengine waongeza: hao ndege mnaowahesabu ni wa nani, na mwenyewe awalipa nini? Swali ni zuri, wala haifai kulijibu kwa kucheka tu. Basi na tulijibu kwa kadiri tuwezavyo.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Kikundi chetu si kikubwa. Mwezi wa kiangazi twapata watu 19 au 20. Mvua ikinyesha, 6. Wamo walimu, wamo wanafunzi wa darasa la sita na la saba, wamo akina mama 3 wa kwaya, yumo fundi wa baiskeli, yumo kijana ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni msituni, na yumo mzee mmoja ambaye habari zake twazileta mbele. Darubini tunazo 4, na moja katika hizo huona kwa jicho moja tu. Twakutana langoni saa kumi na mbili na nusu, twaandika majina, twajipanga mstari mmoja, na tangu hapo hapana asemaye kwa sauti. Aonaye kitu hanyoshi kidole upesi, maana mkono unaoinuka ghafula humfukuza ndege kuliko sauti. Husimama tu, na wote walio nyuma yake husimama, kisha hunong'ona: "Mti mkavu, tawi la tatu, mkono wa kushoto." Hapo darubini hupita kutoka mtu hata mtu. Watoto walijifunza adabu hiyo kwa siku moja. Watu wazima walichukua miezi.

Kazi yetu nyingine ni daftari. Tangu mwaka wa 2013 iko kazi ya kutengeneza ramani ya ndege wa nchi nzima ya Kenya, na kila mtu apendaye aweza kuisaidia. Nchi imegawanywa miraba, kila upande wa mraba wapata kilometa 9. Mtu au kikundi hutembea katika mraba wake si chini ya saa 2, akaandika kila aina ya ndege aionayo au aisikiayo, kwa taratibu ile ile aliyoikuta, wa kwanza akitangulia na wa mwisho akifuata. Asiyemjua kwa hakika hamwandiki, hata kama roho yamtuma. Wanafunzi wetu walidhani kazi hii ni ya kutafuta ndege wa ajabu, wakaona haya kumwandika shorwe na njiwa. Ilibidi tuwafahamishe kwamba shorwe ana daraja moja na tai. Kwa maana ikiwa watu wametembea mahali pale pale mwaka hata mwaka, wakamwandika shorwe kila mara, kisha pakawa na mwaka asiyeandikwa, hapo pana habari kubwa. Ndege ambaye hakuonekana naye husema neno, lakini kwa wale tu waliomzoea alipokuwapo.

Desturi hii ya kutembea pamoja si ya jana katika nchi yetu. Mwaka wa 1909 watu kadhaa walifanya chama cha kuchunguza viumbe wa Afrika ya Mashariki, ambacho siku hizi chajulikana kwa jina la Nature Kenya. Wasomaji wa gazeti hili huenda wakapenda kusikia kwamba miongoni mwa walioanza walikuwamo wamisionari, Harry Leakey wa Kabete na Kenneth St. Aubyn Rogers. Siku hizo chama kilikuwa cha Wazungu, nasi tusijifanye kwamba sivyo. Mwafrika aliingia msituni kama mpagazi wa wenye chama, naye ndiye mara nyingi aliyejua ndege yuko wapi. Mambo yalibadilika polepole. Mwaka wa 1971 Bibi Fleur Ng'weno alianza huko Nairobi matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, wazi kwa kila mtu, na matembezi hayo yameendelea miaka kwa miaka. Wengi walio waongozaji hodari leo, wana wa nchi hii, walianzia humo wakiwa vijana wasio na darubini. Kikundi chetu cha kando ya msitu ni mtoto wa desturi hiyo, au tuseme mjukuu.

Sasa twende msituni. Eneo lake lapata kilometa za mraba 420, nao ndio mkubwa uliosalia wa misitu mikavu ya pwani katika Afrika ya Mashariki. Aupitiaye kwa gari katika njia kuu ya Malindi hudhani ni msitu mmoja. Ni misitu mitatu iliyolala bega kwa bega, na aliyeigawanya ni udongo. Upande wa mashariki, karibu na bahari, ni mchanganyiko wa miti mingi, nako ndiko kwenye mibambakofi. Katikati, penye mchanga mweupe, ni mirihi iliyoachana, na jua lafika chini. Upande wa magharibi mchanga mweupe wakoma, udongo mwekundu waanza, na miti ni mifupi, imesongamana hata mtu hapiti ila kwa kuinama. Kila udongo una ndege wake. Mtu aweza kuvuka kutoka mchanga mweupe hadi udongo mwekundu kwa hatua chache, na sauti zote zikabadilika masikioni mwake kama aliyevuka mpaka wa makabila.

Sisi hupenda zaidi mirihi. Humo mtu hutembea nusu saa bila kusikia kitu ila majani makavu chini ya miguu, hata akataka kurudi. Kisha ghafula kundi lafika. Si kundi la ndege wa namna moja: yumo kigogota apigaye magome, wamo wadakao wadudu hewani, wamo wapekuao majani, yumo chozi, na wote huenda pamoja mti kwa mti, huyu akimshtua mdudu na yule akimnyakua. Dakika tano vichwa vya watu wote vimeelekea juu, shingo zauma, kila mtu anong'ona jina lake. Kisha kundi lapita, na kimya charudi kama maji yaliyojifunga. Mara ya kwanza kuliona jambo hili, mwalimu mmoja wa hesabu alitwambia kwamba amelima miaka 20 hatua 200 kutoka hapo, wala hakujua kwamba juu ya mirihi pana ujirani namna ile.

Katika makundi hayo ndimo aonekanapo ndege mmoja ambaye ni wetu kuliko wote. Ni jamii ya kwera, wale wafumao viota; dume ana kichwa na mgongo mweusi na tumbo la manjano. Katika vitabu aliandikwa mwaka wa 1913, akaitwa kwera wa Clarke. Hakai mahali pengine popote duniani ila katika msitu huu na katika misitu ya Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki. Watu wametoka nchi za mbali kuja kumtazama kwa dakika moja na kuondoka wameridhika. Walakini lilikuwako neno moja lililowashinda: hapana aliyeandika popote kwamba amekiona kiota chake. Ndege wa jamii ambayo sifa yake nzima ni kufuma nyumba, na nyumba yake haijulikani! Wataalamu walitafuta. Mwaka ulipita juu ya mwaka, hata ikatimia miaka 100 tangu aandikwe.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2013 viota vilionekana. Havikuwa juu ya mirihi kamwe. Vilikuwa Dakatcha, katika kinamasi kinachojaa wakati wa mvua na kukauka wakati wa jua, vimefumwa katika majani yaotayo majini. Na katika walioitafuta kazi hiyo hata ikafanikiwa walikuwamo wenyeji wa Dakatcha, watu wa kikundi cha kuutunza msitu wao, pamoja na wenzao wa chama cha Nairobi. Hatusemi haya ili kuwadharau wenye elimu, maana bila ya kitabu cha 1913 hapana ambaye angalijua kwamba kuna kinachotafutwa. Lakini fikirini, ndugu. Ndege huyu hula msituni na huzaa kinamasini. Kama watu wangaliulinda msitu peke yake, wakakiacha kinamasi kikalimwa chote, wangalikuwa wamemlinda ndege ambaye hana mahali pa kuzaa, nao wasijue. Kwa ajili hiyo twasema kwamba kutembea na kuandika ni kazi, ingawa haionekani kuwa kazi.

Tuliahidi habari za mzee. Yeye ni mtu wa hapa hapa. Katika ujana wake alitega kororo na sange, maana siku zile nyama ya msituni ndiyo iliyokuwa kitoweo cha watu wasio na mbuzi, wala haoni haya kulisema. Hajui kusoma. Siku aliyofuatana nasi kwanza alitusikiliza tukibishana juu ya ndege mdogo katika majani, darubini zote 4 zimeelekezwa huko, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, nyinyi mwamtafuta ndege kwa macho. Ndege hutafutwa kwa masikio. Macho huja kumalizia." Akageuka upande mwingine kabisa, akatutajia ndege 3 ambao hatukuwa tumewaona, na kila mmoja alikuwa pale pale alipopasema.

Tangu siku ile hatuendi bila yeye. Ajua sauti ya tipitipi wa mvua na ya tipitipi wa jua, na asema si moja. Ajua kilio cha ndege aliyeona nyoka na kilio cha ndege aliyeona mwewe. Ajua majina ya Kigiriama ya ndege ambao katika Kiswahili chetu twawaita wote kwa jina moja tu la "ndege wadogo". Hapa pana jambo lililotuuma. Tulipowauliza watoto wa darasa la saba wataje ndege 20 kwa lugha ya mama zao, aliyewapita wote alifika 8. Wanajua tembo na simba, ambaye hapa hayuko, kwa sababu wamo katika kitabu cha kusomea. Ndege wa uani hawamjui jina.

Na mzee macho yake yaingia ukungu. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, na siku ya kutibiwa imeahirishwa mara mbili kwa ajili ya nauli na mambo ya nyumbani. Darubini haimfai kitu. Basi msichana mmoja wa darasa la saba amejifanya jicho lake. Hutembea kando yake, daftari mkononi. Mzee asikia, asema jina, na mtoto atafuta kwa darubini hata amwone, kisha amweleza. "Babu, ana mstari mweupe juu ya jicho." "Na mkia?" "Autikisa." "Basi ndiye huyo, mjukuu wangu, andika." Si babu yake wa damu. Daftari lile sasa limejaa kurasa 31. Tumeombwa tulipige chapa katika gazeti hili, nasi tumekataa kwa sasa, kwa kuwa ndege wengine wana majina mawili, moja la wazee wa upande wa bahari na moja la wazee wa upande wa bara, na haifai kuandika moja na kuliua la pili kabla wazee hawajakaa pamoja.

Sasa twafika katika neno gumu, nalo ni bundi. Hapana haja ya kuwaeleza wasomaji jinsi bundi afikiriwavyo katika nchi yetu. Hata katika nyumba za watu waliobatizwa siku nyingi, wenye Biblia mezani, bundi akilia juu ya paa mazungumzo hukatika na mama humvuta mtoto karibu. Mwaka jana katika mtaa mmoja wa kwetu alikufa mtoto mchanga. Usiku wa tatu baada ya maziko bundi mweupe, yule mkubwa akaaye darini na maghalani, alilia juu ya ghala la mahindi la jirani. Vijana wakamwua kwa mawe, wakamchoma moto, na hapana mtu aliyewalaumu.

Mama wa mtoto yule ni mmoja wa wale 3 wa kwaya. Miezi ilipopita alianza kutembea nasi, hatukumwuliza sababu. Siku moja kijana mwongozaji alitupeleka upande wa udongo mwekundu, ambako yuko bundi wa Sokoke. Huyu ni bundi mdogo sana, urefu wake wapata sentimeta 16, mtu aweza kumfunika kwa viganja viwili. Wataalamu hawakumwandika mpaka mwaka wa 1966. Mbali ya hapa, ameonekana katika misitu ya chini ya milima ya Usambara ya mashariki, Tanganyika ya zamani, ambayo sasa ni Tanzania. Wengine wana rangi ya kijivu, wengine ya kutu, ijapokuwa ni ndege mmoja. Mchana hulala katika kichaka kilichosongamana, wala hapana awezaye kumwona asipoonyeshwa. Tuliinama, tukaingia wawili wawili. Walikuwa wawili juu ya tawi lisilopita kimo cha mtu, mmoja wa kijivu na mmoja wa kutu, wamebanana kama vipande viwili vya gome, macho wameyafumba.

Mama yule alikaa humo muda mrefu kuliko zamu yake, na hapana aliyemhimiza. Alipotoka alisema, "Kumbe hata wao hulala wawili," wala hakusema neno jingine mpaka langoni.

Katika majuma yaliyofuata mwalimu wa sayansi aliwapeleka wanafunzi chini ya dari la ghala la shule, ambako bundi mweupe hukaa. Bundi humeza mawindo mazima, na manyoya na mifupa asiyoweza kuiyeyusha tumboni huitapika, imefungamana kama tonge. Waliyaokota matonge hayo, wakayaloweka majini, wakayafumua kwa vijiti juu ya gazeti kuukuu. Mafuvu ya panya, taya za panya, mbavu za panya, tonge baada ya tonge. Watoto walikwenda nayo nyumbani kuwaonyesha baba zao, na katika nyumba nyingine walifukuzwa nayo.

Baada ya mwezi bundi alilia tena usiku juu ya ghala lile lile la mtaani. Vijana walitoka kutafuta mawe. Mama yule naye alitoka, akiwa na taa mkononi, akasimama katikati ya uwanja, akawaambia, "Mwacheni. Atafuta panya." Alikuwa yeye, mwenye msiba, ndipo wakamsikiliza; angalisema mwalimu au sisi, tungaliambiwa twende zetu. Mawe yalianguka chini. Twapenda kusema kwamba mtaa mzima umebadilika tangu usiku ule, lakini haikuwa hivyo. Wako wasemao kwamba amekuwa na moyo mgumu. Mavyaa wake hataki habari hizo zitajwe nyumbani. Nasi hatuendi kumshawishi bibi yule, kwa maana mjukuu aliyezikwa ni wake pia.

Kuanzia mwezi wa Agosti na Septemba hata Aprili, mara nyingine twauacha msitu tukaenda Mida, ambako bahari yaingia bara kati ya mikoko. Safari za huko hazifuati saa ya ukutani bali maji. Maji yakitoka, ndege wametawanyika juu ya matope yote, mbali, kama punje zilizomwagwa. Maji yakijaa hukusanyika penye mchanga uliosalia, ndipo wahesabike. Wavuvi na akina mama wachimbao chambo wajua bamvua na maji mafu kuliko sisi, nao hutupangia siku. Kitwitwi wa huko ni maelfu. Wako wenye midomo iliyopinda, hawazidi kiganja kwa ukubwa, ambao huzaa katika nchi ya baridi ya Siberia, kaskazini ya Urusi, kisha huja kwetu kula vijidudu vya matope, na majira yakigeuka hurudi. Wengine huvishwa pete nyepesi miguuni na wachunguzi, ili wakionekana mahali pengine ijulikane walikopita.

Mwenye kupendwa na wote ni ndege mmoja mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama nyundo, ambaye chakula chake ni kaa. Huyu hutaga nchi za Oman na Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, tena kwa desturi isiyo ya kawaida: huchimba shimo mchangani kama kaa mwenyewe, akataga humo yai moja. Mvuvi mmoja ambaye babu yake alikuwa baharia wa majahazi alipoelezwa haya alipiga makofi. "Kumbe huyu ni Mmanga! Aja na kaskazi kama wenzake." Kwa kweli ndege huyu huitangulia kaskazi kidogo, walakini jina limeshika, na sasa hata watoto wakimwona huita, "Mmanga amefika."

Tusiache kusema habari ya njaa, kwa sababu ndiyo iliyo nyuma ya maswali mengi tuulizwayo. Jirani yetu mmoja alipoteza robo eka ya mahindi kwa tembo usiku mmoja, ijapokuwa uzio wa umeme umewekwa, na nyani hawakumaliza msimu bila kuchukua fungu lao. Alitukuta njiani na darubini zetu akasema, "Waambieni ndege wenu wanilipie." Tulikuwa na la kumjibu? Tungaliweza kumtajia kazi ya Kipepeo, iliyoanza mwaka wa 1993 hapa Gede, ambayo wakulima wa kando ya msitu hufuga viwavi na kuuza vifukofuko vyake ng'ambo. Tungaliweza kumtajia chama cha Kikristo cha A Rocha, ambacho kimekuwako Kenya tangu 1999, na mpango wake wa tangu 2001 ambao fedha za watalii wa Mida na msitu husaidia karo ya watoto wa sekondari. Vijana waongozao wageni wamejenga nyumba za bati. Haya yote ni kweli. Lakini jirani yule hafugi viwavi, hana mtoto sekondari, na mahindi yake yameliwa. Hatukumtajia lolote. Tulimpa pole, na Jumatatu watu 7 wa kikundi tulikwenda na majembe kumsaidia kupanda upya.

Tena yuko mvulana wetu mmoja, hodari wa kuwatambua ndege warukao, ambaye ami yake alikamatwa na magogo ya muhuhu yaliyokuwa yakienda kwa wachonga vinyago. Tangu siku hiyo mvulana haji. Watu wa nyumbani mwake wadhani kikundi ndicho kilichosema. Sicho. Mwalimu wake amekwenda kwao mara mbili, na mara ya pili alipewa kiti.

Kwa swali la malipo, basi, jibu letu ni hili: kikundi hakilipwi senti, na kila mtu hujinunulia daftari lake. Na kwa swali la kwamba ndege ni wa nani, mzee alijibu vizuri kuliko sisi alipoulizwa na mgeni mmoja kutoka Nairobi. Alisema, "Mimi niliwakuta."

Matembezi yajayo yataelekea mirihi, si Mida, maana asubuhi hiyo maji yatakuwa yametoka. Atakaye kuja avae nguo za rangi ya majani makavu wala si nyeupe, achukue maji ya kunywa, na viatu vifunike vidole kwa ajili ya siafu. Mtoto aliye chini ya miaka 8 aje na mkubwa wake. Na ikiwa kuna msomaji mwenye darubini iliyolala sandukuni, hata kama yaona kwa jicho moja, tutashukuru akituazima.